Kuhama na Mbuzi Mto Tana Unapofurika: Mwongozo Kamili, Kuanzia Zizini Hadi Kambini

Kila baada ya mafuriko swali hurudi lile lile: mbona mbuzi walionusurika wanakufa? Mbuzi wametoka majini wazima, wamefika kambini wazima, kisha wiki ya pili wanaanza kufa mmoja mmoja. Mwenyewe anashangaa kwa sababu hakuna aliyezama. Ukichunguza, utakuta wamekula mahindi ya msaada, au wamelala siku tatu kwenye tope chini ya mvua, au wamefungwa zizi moja na mbuzi wa jirani aliyefika akikohoa.

Jambo la pili ni zito zaidi. Watu wanahamishwa, mbuzi wanabaki, na usiku mtu anatoroka kambini kurudi majini kuwafuata. Anayesema "ni mbuzi tu" hajaishi nao. Kwa familia ya Ngao, Idsowe au Madogo, mbuzi ni maziwa ya watoto, ni karo, ni mahari, na ni mnyama anayeitambua sauti ya anayemkama. Ukimwambia mtu amwache mbuzi wake nyuma, jua kwamba huenda atarudi, na maji hayatamngoja.

Ndiyo maana mwongozo huu unawatanguliza mifugo. Mbuzi waondoke kwanza na waondoke mapema, ili asiwepo mtu mwenye sababu ya kurudi. Nimewaandikia hasa wakaazi wa kando ya Tana, kuanzia Madogo na Bura hadi Hola, Garsen na Kipini. Mambo ya chakula, zizi na magonjwa yatawafaa pia ndugu zetu wa bonde la Rufiji.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya mvua

Hesabu hii ni ya familia yenye mbuzi kumi. Ongeza au punguza kulingana na kundi lako.

- Chakula kikavu cha siku saba. Mbuzi wa kilo 30 anahitaji takriban kilo moja ya chakula kikavu kwa siku, kwa hiyo mbuzi kumi ni kilo 70 hivi: mabua ya mahindi, nyasi zilizokaushwa, maganda ya migunga. Hiki ndicho watu hukosa kuliko kitu kingine chochote.
- Kamba laini za katani, au leso kuukuu zilizochanwa vipande. Nailoni nyembamba ikilowa hukata ngozi.
- Magunia safi ya kubebea wanambuzi.
- Turubai moja zima na fito nne.
- Jerikeni mbili za lita 20 na karai moja, vya mbuzi peke yao.
- Chumvi, sukari na bikaboneti ya soda. Bikaboneti si hamira, wala si ule unga wa kuumulia keki. Mwambie muuza duka unataka bikaboneti tupu.
- Chupa ya plastiki ya nusu lita yenye shingo ndefu, ya kunyweshea dawa.
- Mrututu (salfeti ya shaba, ya kutibia kwato), kama gramu 250.
- Glavu, au mifuko mizito ya plastiki ya kuvaa mikononi.
- Rangi ya alama na daftari.

Vitu hivi vyote, isipokuwa chakula, vikae kwenye gunia moja lililoning'inizwa juu. Maji yakija usiku hutapata muda wa kutafuta.

## Hatua ya 1: Chanja na utie alama wakati nchi ingali kavu

Mvua za masika huanza Machi na za vuli Oktoba. Chanjo inahitaji wiki mbili hadi tatu ili kinga ikae mwilini, kwa hiyo nenda ofisi ya mifugo ya kaunti mwezi mmoja kabla ya mvua. Anayechanja siku ya kuhama amechelewa.

Ulizia chanjo tatu. Ya sotoka ya mbuzi na kondoo hulinda kama miaka mitatu. Ya homa ya mapafu ya mbuzi hurudiwa kila mwaka. Ya tatu ni ya homa ya Bonde la Ufa, nayo hutolewa kabla ugonjwa haujaingia. Ukishaingia usikubali mtu apite na sindano moja kundi zima, kwa maana sindano yenyewe inaweza kuusambaza. Kama una mbuzi wenye mimba, mwambie daktari mapema; chanjo nyingine za homa hii hutupisha mimba.

Kisha tia alama. Kambini makundi ya vijiji vitano huchanganyika kwa usiku mmoja, na ugomvi wa mbuzi mwekundu asiye na alama umewahi kuharibu ujirani wa miaka. Piga rangi mahali pamoja kwa kila mbuzi na uandike daftarini: rangi yake, umri, ana mimba au ananyonyesha, amechanjwa lini.

Hatua hii imekamilika ikiwa mtu mwingine wa nyumbani, akipewa daftari lako, anaweza kuwatambua mbuzi wote bila kukuuliza.

## Hatua ya 2: Amua nani anahama na nani anauzwa

Fanyeni uamuzi huu mkiwa mmekaa nyumbani, mkiwa na utulivu. Ukiachwa hadi maji yafike mlangoni, utafanywa kwa machozi na utakuwa mbaya.

Wanaohama ni majike wenye mimba, wanaonyonyesha pamoja na watoto wao, na majike vijana. Beberu mmoja anatosha familia tatu au nne mkielewana. Wanaouzwa ni madume waliohasiwa na wazee wasiozaa tena, na wauzwe barabara ingali wazi. Barabara ya Madogo na ya Garsen zikikatika, kama ilivyotokea mwishoni mwa 2023, bei huanguka kwa sababu wanunuzi hawafiki. Mbuzi mmoja aliyenona akiuzwa mapema hununua chakula cha wengine kwa wiki kadhaa.

Katika kila boma kuna mbuzi ambaye kwa hesabu za soko angeuzwa, lakini haondoki: yule aliyezaa nusu ya kundi, au yule aliyelelewa na mtoto kwa chupa. Mwacheni ahame. Mama mkongwe aliyepoteza nyumba na shamba siku moja anahitaji kitu cha kuamkia asubuhi, na sioni hasara ya kilo moja ya nyasi kwa siku ikiwa inampa hicho.

## Hatua ya 3: Ondoka kabla maji hayajafika

Tana haifuriki ghafla kama makorongo. Bwawa la Masinga likijaa na kuanza kumwaga, maji hupitia mabwawa ya Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere kabla ya kuteremka Garissa, Hola na mwishowe Garsen. Safari hiyo huchukua siku, na siku hizo ndizo zako. Tangazo la kumwaga maji likisikika redioni au kwa chifu, mbuzi waanze kutoka, hata kama kwenu kuna jua.

Usingoje hema litolewe ndipo uhame. Mpeleke kijana mmoja au wawili watangulie na mbuzi mahali palipoinuka, na familia ifuate. Mbuzi hutembea vizuri akiwa mkavu na ameshiba. Akishaloweshwa na kutishwa, kumbeba peke yake ni kazi ya watu wawili.

Ishara za kufanikiwa ni ndogo: mbuzi wamevuka bonde kwato zikiwa kavu, na nyumbani hakuna mnyama aliyebaki wa kumrudia.

## Hatua ya 4: Njiani

Kwa miguu. Mtangulize mbuzi kiongozi, yule ambaye wenzake humfuata malishoni, na mtu anayemkama awe mbele akiita kama anavyoita kila siku. Ukiwafukuza kwa fimbo kutoka nyuma watatawanyika penye maji ya kwanza. Tembeeni alfajiri hadi saa nne, pumzikeni kivulini, mwendelee saa kumi jioni. Kilomita kumi kwa siku zinatosha kundi lenye watoto na wenye mimba.

Wanambuzi wa chini ya wiki mbili wabebwe kwenye gunia, kichwa kikiwa nje, wawili wawili. Mama yao atembee pale anapowaona na kuwasikia, la sivyo atageuka kurudi.

Kwa mtumbwi au boti. Hapa makosa huua watu pia. Mwishoni mwa Aprili 2024 boti lililojaa abiria lilipinduka Kona Punda, karibu na Madogo, na watu wakafa. Basi usichanganye watu wengi na mbuzi katika safari moja. Mbuzi akiogopa huruka upande mmoja, na chombo kinamfuata.

Mlaze mbuzi kifudifudi, kifua chini na miguu imekunjwa chini ya mwili. Ifunge miguu ya mbele kwa kitambaa, kwa fundo linalofunguka kwa mvuto mmoja. Asilale ubavu. Tumbo la mbuzi hutengeneza gesi muda wote, na akilala ubavu gesi haipati njia ya kutoka, tumbo linavimba na kubana mapafu. Mbuzi anaweza kufa kabla ya ng'ambo bila kuguswa na maji.

Onyo: usimfunge mbuzi kwenye chombo chenyewe. Mkipinduka, mbuzi aliyefunguka huogelea, aliyefungwa huzama na mtumbwi.

Mkifika, mfungue, msimamishe, umwache dakika chache. Akikojoa, akajitikisa na kuanza kutafutatafuta majani, safari imemwacha salama.

## Hatua ya 5: Zizi la kambini

Chagua mahali penye mteremko kidogo, upande ambao upepo unaelekea ukitoka kwenye mahema, na mbali na kisima au tangi la maji. Hatua hamsini kutoka kwenye hema la karibu ni kiasi kizuri. Ukiwa karibu zaidi, kinyesi na nzi watawafikia watoto. Ukiwa mbali zaidi, wezi watawafikia mbuzi.

Kila mbuzi mkubwa apate nafasi ya mita moja ya mraba au zaidi kidogo. Turubai liwe paa na ukuta wa upande mvua inakotokea tu, pande nyingine ziachwe wazi. Zizi lililofunikwa kote hujaa mvuke wa mkojo, na mapafu ya mbuzi hayauwezi. Chini tandika matawi, kisha nyasi mbovu zisizofaa kuliwa, na uongeze tabaka kavu kila jioni. Jipime mwenyewe: piga goti ndani ya zizi. Goti likiloa, mbuzi naye analala kwenye maji.

Watu wengi hulala na mbuzi ndani ya hema kwa hofu ya wizi. Naielewa hofu hiyo, lakini hema dogo lenye watoto na mbuzi linakuza ugonjwa wa pande zote mbili. Dawa yake ni zizi la pamoja la familia tano au sita zinazoaminiana, na zamu ya ulinzi ya watu wawili kila usiku. Andikeni zamu, na mzee wa kijiji aijue.

Ila hakuna anayeingia zizi la pamoja siku ya kwanza. Mbuzi wageni wakae kando siku kumi na nne, na karai lao, bila kugusana pua na wengine. Hili ndilo sharti linalovunjwa kuliko yote, kwa sababu mgeni ni shemeji na ni vigumu kumwambia mbuzi wake wakae kule. Mwambie tu. Homa ya mapafu na sotoka huja na mbuzi anayeonekana mzima.

Na zifungeni kamba za mahema juu, mbali na midomo. Mbuzi akitafuna kamba za jirani usiku wa mvua, kesho kambi nzima itataka mifugo iondolewe.

## Hatua ya 6: Chakula, hasa wiki ya kwanza

Someni sehemu hii mara mbili. Hapa ndipo mbuzi wengi hupotea.

Ndani ya tumbo kubwa la mbuzi mna vijidudu vinavyomsagia majani. Vijidudu hivyo huzoea chakula fulani na kubadilika polepole, kwa siku saba hadi kumi. Sasa fikiria mbuzi aliyekaa na njaa siku mbili njiani, halafu mtu mwenye huruma anammiminia bakuli la mahindi ya msaada. Mahindi yanachacha tumboni kwa kasi, tumbo linajaa asidi, na asidi inaingia kwenye damu.

Dalili huanza saa chache baadaye au siku inayofuata. Mbuzi anasimama peke yake, anasaga meno, haendi kwenye majani. Ukimgusa ubavu wa kushoto, tumbo limejaa na linachezacheza kama kiriba cha maji. Baadaye anahara uharo wenye harufu chachu, anapepesuka, analala hainuki.

Ukimwahi angali amesimama, ondoa nafaka yote, mpe nyasi kavu tupu, na umnyweshe bikaboneti: vijiko vitatu vya chai, kama gramu 15, ndani ya nusu lita ya maji vuguvugu kwa mbuzi mkubwa. Ingiza shingo ya chupa pembeni mwa mdomo, kichwa kikiwa sawa na mgongo, umnyweshe kidogo kidogo akimeza. Kichwa kikiinuliwa juu sana dawa itaingia mapafuni. Aliyelala ubavu asiyeweza kumeza usimnyweshe chochote, mwite daktari.

Kwa hiyo mpango wa wiki ya kwanza ni huu:

Siku ya 1 hadi 3: nyasi kavu na mabua peke yake, mara tatu kwa siku, na maji. Hakuna nafaka, hakuna maharagwe, hakuna ugali uliobaki.

Siku ya 4 hadi 7: ongeza majani mabichi yasiyotoka kwenye tope. Majani ya migunga yanafaa, na migomba iliyokatwakatwa, majani na shina, ambayo huwa tele baada ya maji kuangusha mashamba. Migomba ina maji mengi na nguvu kidogo, iende pamoja na kitu kikavu.

Baada ya hapo: anayenyonyesha anaweza kupata kiganja kimoja cha mahindi yaliyopondwa kwa siku, baada ya kula nyasi, kamwe si kabla.

Maganda ya mathenge, ule mti wa miiba, yanastahili maneno yake. Yako kila mahali kwetu, matamu, na mbuzi huyapenda. Yakikaushwa na kutwangwa pamoja na mbegu ni chakula kizuri, mradi yasizidi robo ya mlo wa siku. Yakiliwa mazima na kwa wingi, sukari yake huharibu meno. Wenyeji wa Baringo waliwahi kumpeleka mbuzi asiye na meno mahakamani mwaka 2006 kuonyesha madhara ya mti huo. Mbegu zisizosagwa nazo hupita na kinyesi, na msimu ujao kambi itakuwa kichaka cha miiba.

Maonyo mawili. Mahindi yaliyoloa na kuota ukungu usimpe mbuzi eti kwa sababu mtu hawezi kuyala. Sumukuvu humdhuru naye, na nyingine hupita hadi kwenye maziwa. La pili, okoteni mifuko ya plastiki na nyuzi za magunia ya msaada. Mbuzi mwenye njaa huzimeza, zikajisokota tumboni, na hakuna dawa ya kuzitoa.

Maji ni lita nne hadi tano kwa mbuzi kila siku, zaidi kwa anayenyonyesha. Usiwapeleke kunywa kwenye madimbwi yaliyoachwa na mafuriko, humo mna mizoga na minyoo. Chota, uache yatulie, umimine sehemu ya juu.

Kila jioni, saa moja hivi baada ya kula, simama kimya karibu na zizi. Mbuzi waliolala kifudifudi, macho nusu yamefumba, taya zikizunguka, wanacheua. Asiyecheua mwandike daftarini, huyo ndiye wa kwanza kuangaliwa asubuhi.

## Hatua ya 7: Maziwa, wanambuzi na watoto wenu

Mbuzi aliyehamishwa mara nyingi huzuia maziwa. Msikasirike wala msimpige. Akamwe na mkono ule ule, upande ule ule, kwa wito ule ule wa nyumbani. Ndani ya siku chache maziwa hurudi. Nimeona jike akimgomea kijana hodari wa kukama siku nzima, kisha akamwachia bibi yake maziwa mara tu alipoketi na kumgonga kiweo kidogo kama kawaida yake.

Yachemsheni maziwa yote mpaka yafoke. Brusela na magonjwa mengine hupitia maziwa mabichi, na kambini hakuna nafasi ya kuuguza homa ya miezi.

Mwanambuzi aliyezaliwa anyonye dang'a ndani ya saa sita za kwanza. Usiku wa baridi mvua ikinyesha, tia kidole safi mdomoni mwake. Mdomo ukiwa wa moto, mnyonyeshe. Ukiwa baridi, usimpe maziwa kwanza, hatayasaga. Mkaushe kwa kitambaa, mkumbatie kifuani chini ya leso au umweke karibu na chupa ya maji ya moto iliyoviringwa nguo, mpaka mdomo upate joto. Hapo sasa mnyonyeshe.

Akihara, mchanganyie lita moja ya maji yaliyochemshwa, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi. Mpe kidogo kidogo mchana kutwa, huku akiendelea kunyonya.

Kazi hii wapeni watoto wa nyumbani. Kila mtoto awe na mwanambuzi wake wa kumwangalia: amenyonya, yuko mkavu, anahara? Mtoto aliyetolewa shuleni na kijijini kwa siku moja hana jambo linalomtegemea, na siku za kambini ni ndefu. Ukimkabidhi kiumbe kinachomlilia yeye, utamwona anaamka. Wazee nao wapeni kukama na kuhesabu jioni, kwa sababu wao ndio wanaomjua kila mbuzi kwa mwendo wake. Sheria ni tatu tu: mikono inaoshwa kwa sabuni baada ya kushika mbuzi, hakuna kulala zizini, na mtoto hagusi mbuzi mgonjwa. Mwanambuzi akifa, mwambieni mtoto ukweli na mshukuruni kwa alivyomtunza. Msimtupe kimyakimya usiku; watoto hutafuta.

## Hatua ya 8: Ukaguzi wa kila asubuhi

Fanya kabla hawajala.

Angalia pua na usikilize. Kamasi nzito, macho yenye matongo, vidonda mdomoni na kuhara kwa pamoja ni dalili za sotoka. Kukohoa, kuhema kwa shida na kukataa kutembea ni dalili za homa ya mapafu. Mmoja tu akiwa nazo, mtenge saa hiyo hiyo na mpigie ofisa wa mifugo. Usipite hema kwa hema ukiomba sindano iliyobaki. Antibayotiki za kubahatisha humaliza pesa na kuuacha ugonjwa.

Mara moja kwa wiki fungua kope la chini la kila mbuzi kwa kidole gumba. Nyama ya ndani iwe nyekundu au ya waridi iliyokolea. Ikiwa nyeupe, minyoo inamnyonya damu. Baada ya mafuriko minyoo hustawi kwenye majani mabichi yaliyoloa, na hali huwa mbaya kuanzia wiki ya tatu, pale watu wanapodhani shida imeisha. Wape dawa wenye kope nyeupe, kwa uzito wao kama kibandiko kinavyosema. Ukiwapa wote kila mara, minyoo huizoea dawa. Walio katika mwezi wa kwanza wa mimba wasipewe dawa ya minyoo iitwayo albendazoli.

Anayechechemea, mwangalie kati ya vidole vya kwato. Harufu mbaya na ngozi iliyolainika ni kuoza kwato. Safisha, kata palipooza, umsimamishe dakika kadhaa kwenye beseni la plastiki lenye mrututu, gramu 50 kwa lita moja ya maji, halafu mweke pakavu. Mrututu ni sumu akiunywa, na kondoo huwadhuru zaidi, kwa hiyo usiache beseni wazi.

## Hatua ya 9: Mimba zikianza kutoka, simameni

Mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilifuatwa na mlipuko mkubwa wa homa ya Bonde la Ufa upande wa Garissa, na ugonjwa ukarudi mwishoni mwa 2006. Huletwa na mbu wanaozaana kwenye maji yaliyotuama. Ishara yake kubwa ni mbuzi na kondoo wengi kutupa mimba kwa wakati mmoja na wanambuzi kufa kwa wingi.

Ugonjwa huu huua watu pia. Hupita kwenye damu, kwenye kondo la nyuma na mimba zilizotoka, na kwenye maziwa na nyama mbichi. Mkiona mimba mbili au tatu zimetoka kwa wiki moja:

- Msichinje mbuzi yeyote mgonjwa, hata kwa nia ya kuokoa nyama. Najua njaa ya kambini, na bado nasema msichinje.
- Mimba zizikwe kwa glavu, shimo refu, mbali na maji. Wajawazito wasikaribie kabisa.
- Mjulisheni ofisa wa mifugo na wa afya siku hiyo hiyo. Msifiche kwa hofu ya soko kufungwa.
- Mtu akipata homa kali, maumivu ya viungo au akatokwa na damu, aende zahanati na aseme wazi kwamba ameshika mifugo.

Mbuzi aliyekufa ghafla huku damu isiyoganda ikitoka puani au nyuma asipasuliwe. Huenda ni kimeta.

## Hatua ya 10: Kurudi

Watangulie watu wazima bila mbuzi. Zikeni mizoga kwa kina cha mita mbili, fukieni chokaa, ondoeni nyaya, mabati na vioo vilivyoletwa na maji. Zizi la zamani lipigwe jua; toeni tope na samadi ya juu yote.

Nyasi mpya zinazochipua kwenye tope ni tamu na zimejaa minyoo. Wachungeni kwenye vichaka na miti kwanza, na waende malishoni umande ukishakauka. Majani mabichi tupu baada ya wiki za chakula kikavu huvimbisha tumbo, kwa hiyo wale nyasi kavu kidogo kabla ya kufunguliwa, kwa wiki nzima.

Njiani fuateni utaratibu wa Hatua ya 4. Mkifika, hesabuni kwa daftari, fungueni kope, kagueni kwato. Mbuzi wakiingia zizini jioni bila kusukumwa na majike wakatoa maziwa yao ya kawaida ndani ya wiki mbili, wametulia. Siku hiyo hiyo andikeni daftarini tarehe ya chanjo inayofuata, na mabua ya mavuno ya kwanza msiyachome. Yafungeni matita muyaweke juu, yawe ndiyo zile kilo 70.